Jangwa Mbele, Mama Mkwe Nyuma

Balaa lilianzia kwenye simu ya binti yangu. Aliona familia moja ya Wamarekani imetoka Los Angeles kwa gari, ikapita Las Vegas, ikaenda kusimama ukingoni mwa Grand Canyon. Baba yao kavaa miwani ya jua, mkono mmoja tu kwenye usukani, anacheka. Nikamwambia binti, yule anacheka kwa sababu anapigwa picha. Hakunisikia. Akanisomea kwamba korongo lile lina urefu wa kilomita 446, kina chake kinapita kilomita moja na nusu, na kwamba aliyelichimba ni mto tu, Colorado, bila jembe.

"Taata, na sisi tuna nini?"

Hapo mdomo ukaniponza. "Sisi tuna Kidepo."

Mimi mwenyewe Kidepo, hiyo hifadhi ya wanyama, nilikuwa sijawahi kuiona. Ni mtu wa Busia, nimekulia mpakani, riziki yangu ni kuuza misumari na rangi hapa Kampala, na Karamoja nilikuwa naijua kwenye ramani tu, ile kona ya juu ambako Uganda inapakana na Sudan Kusini na Kenya. Lakini maneno yakishatoka mbele ya watoto hayarudi. Jioni mke wangu alikuwa ameshaazima gari la viti saba kwa kaka yake. Asubuhi mama yake alikuwa ameshakubali kuja. Nani alimwalika, mpaka leo sijaambiwa.

Kwa wasiojua, nimeoa Buganda. Na kwa desturi ya Buganda mkwe wa kiume na mama mkwe hawagusani, hawasogeleani, hawakodoleani macho. Si ugomvi, ni heshima. Wazee wanasema ukiuvunja mwiko huo unashikwa na obuko, mikono inatetemeka mpaka kikombe cha chai kinakushinda. Sasa mimi ndiye dereva, mikono yangu nina kazi nayo. Kwetu Busia mama mkwe unampa mkono, unampa kiti, yamekwisha. Heshima ya Buganda ilitungwa na watu wenye nyumba za milango miwili na shamba la migomba la kujifichia. Niambie utaiingizaje ndani ya gari la viti saba.

Kiti cha nyuma kabisa kinamtapisha mama mkwe. Cha mbele ni bega kwa bega na mimi, Mungu apishe mbali. Ikabaki safu ya katikati. Tukaondoka saa kumi na moja alfajiri, mkungu wa matooke juu ya paa umefungwa kwa mipira ya baiskeli, maana mama hali chakula cha ugenini, na pembeni yake fungu la majani ya mgomba, maana matooke hayapikwi uchi, yanafunikwa majani. Majani hayo yakaning'inia yakaziba kioo cha kushoto. Sikusema kitu. Tulipofika Kawempe nikainua macho kwenye kioo cha ndani nione nani ananipigia honi nyuma, nikakutana na macho ya mama mkwe. Nikashusha. Naye akashusha. Baada ya dakika moja mwanangu wa miaka minane, ambaye bibi yake humwita jjajja, akanigusa bega.

"Taata, jjajja anasema kioo kinamtazama."

Nikakigeuza kikatazama paa. Ndivyo nilivyoendesha zaidi ya kilomita 500, na kioo kimoja tu cha kulia, katikati ya malori yanayowahi Juba.

Mtoto huyo ndiye alikuwa simu yetu. Mama mkwe yuko nyuma yangu hatua moja, nasikia anavyopumua, lakini neno lake lazima lipite kwa mjukuu, litoke kwa Kiganda liingie kwa Kiswahili. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri lilikubali Kiswahili kiwe somo la lazima shuleni, nikafurahi nikasema mwanangu atafanya biashara mpaka Tanga. Kumbe kazi yake ya kwanza ni hii. "Taata, jjajja anasema punguza mwendo." "Taata, jjajja anasema lile lori lina haki yake."

Luweero mke wangu alinunua mananasi kumi na mawili. Sitaki kulizungumza.

Mbele ya Luweero askari wa barabarani akatusimamisha. Hawa Kiswahili wanakijua, nikashusha kioo cha mlango nikiwa na matumaini.

"Habari za kazi, afande."

"Nzuri. Kile kioo chako kinatazama nini?"

"Paa, afande."

"Kwa nini?"

Nikapunguza sauti. "Mama mkwe yuko nyuma."

Akainama achungulie, halafu akanyooka haraka kama aliyekanyaga moto. Akaweka kofia vizuri. "Umeoa Muganda?"

"Ndiyo, afande."

"Na mimi." Akatazama barabara kwa muda. "Pita. Polepole."

Karuma, pale daraja linapovuka Nile, gari zima lilipiga kelele: povu, maporomoko, maji meupe! Mimi niliona sehemu ya nyuma ya lori, imeandikwa MUNGU YUPO. Nikaamini. Kulisha nyani pale barabarani ni kosa, na sisi hatukumlisha yeyote. Alijihudumia. Nilipopunguza kwenye tuta akaruka juu ya paa, akang'oa tooke bichi, akaling'ata, akalitazama kwa huzuni, akalitupa kwenye kioo cha mbele. Nyuma kukawa kimya. Kisha: "Taata, jjajja anasema mzazi wa huyo nyani hakufanya kazi yake. Chakula hakitupwi."

Tulilala Gulu. Gulu ni jiji tangu 2020, na nadhani jua lake nalo lilipandishwa cheo siku hiyohiyo. Vyumba vitatu, kwa sababu mlango wa mama na mlango wangu haiwezi kutazamana. Asubuhi tukaenda Kitgum, lami safi, na tulipoiacha Kitgum lami nayo ikatuacha. Vumbi likaingia hata kwenye mananasi. Bomba la moshi likalegea mahali ambapo hakuna fundi, kuna mbuzi tu, nao walikuja kutazama.

Na Kidepo? Wameniambia ni pazuri. Hifadhi ya taifa tangu 1962, kilomita za mraba 1,442, na kati ya hifadhi zetu zote za taifa ni humo tu utakuta mbuni. Simba walikuwa juu ya mwamba, wamejilaza kama wenye nyumba. Wote waliwaona. Mimi nilikuwa nafunga bomba la moshi kwa mpira wa baiskeli, mhifadhi mwenye bunduki amesimama pembeni yangu ananiambia nifanye haraka, bila kueleza kwa nini.

Mto Kidepo niliuona, hilo siwezi kukana. Ni mchanga. Mchanga mweupe, mpana, umepakana na mivumo mirefu, na hamna hata tone. Binti akasimama katikati ya mto na viatu vikavu, simu mkononi.

"Taata, maji yako wapi?"

Mhifadhi akamweleza kwamba mvua ikinyesha mto unakuja kwa kishindo, halafu unazama chini ya mchanga, na sehemu kubwa ya mwaka unabaki hivi. Kwa hiyo Marekani mto wao bado uko kazini, wa kwetu umekwenda likizo kama sisi. Binti akapiga picha mia moja. Kwenye mojawapo kuna miguu yangu, imetokeza chini ya gari.

Jioni, kambini Apoka, mama mkwe alimenya matooke yake, akayafunika na yale majani, akayapika huku tembo wanne wanapita ng'ambo ya mahema wakijifanya hawasikii harufu. Sahani yangu ililetwa na mjukuu. Nilikula nimewapa mgongo, kama inavyotakiwa. Matooke laini, yamoto, katikati ya ukame ule! Nilikuwa natafuta namna ya kupeleka shukrani bila kugeuka, bega likaguswa.

"Taata, jjajja anasema kwa kuwa tumeshafika huku, turudi kwa njia ya Moroto, Soroti na Mbale, anataka kuona maporomoko ya Sipi."

"Mwambie sawa."

"Na anasema kioo kimekaa vizuri pale kilipo. Usikiguse."