Wimbo wa Kungoja Uliogeuzwa wa Harusi

Mama yangu mdogo alikuwa na mkanda wa video wa Blue Hawaii, filamu ya mwaka 1961, na sehemu aliyoipenda ni ya mwisho. Elvis Presley anamwoa Maile, aliyeigizwa na Joan Blackman. Maharusi wanavuka maji kwenye chombo kilichopambwa maua, minazi imesimama kandokando, na Elvis anaimba taratibu. Ikiisha, mama mdogo anarudisha mkanda nyuma, tunaanza tena. Wimbo wenyewe unajulikana duniani kwa jina la Hawaiian Wedding Song, kwa hiyo sikuwa na sababu ya kudhani ni kitu kingine zaidi ya wimbo wa harusi.

Ila katikati Elvis anaacha Kiingereza. Anaimba "Ua sila paʻa ʻia me ʻoe", na mistari miwili mingine ya namna hiyo, kisha anarudi kwenye Kiingereza. Mistari hiyo ilinikaa kichwani miaka mingi, mpaka nikaitafuta maana yake.

Kumbe wimbo ulikuwa na jina lake: Ke Kali Nei Au, yaani "Ninangoja". Charles E. King aliutunga katikati ya miaka ya 1920 kwa ajili ya The Prince of Hawaii, mchezo wake wa jukwaani wa kuimba. Filamu ilipoufikia, ulikuwa umeshaimbwa visiwani Hawaii kwa zaidi ya miaka thelathini.

Maneno yake ni haya, kwa ufupi. Mtu anasema: niko hapa nangoja, yuko wapi mpenzi wangu? Ametafuta, na sasa amempata, na shauku ya moyo imetulia. Penzi lao limefungwa kwa muhuri, naye analivaa shingoni kama koja la maua. Basi. Hakuna kengele wala siku ya harusi. Hayo waliyaleta Al Hoffman na Dick Manning walipouandikia maneno ya Kiingereza mwishoni mwa miaka ya 1950, Andy Williams akauimba ukavuma, na Elvis akaufuata huo huo.

Mimi naona hapo wimbo ulipunjwa. Katika Kihawaii, "kali" ni kungoja. Kwa sikio la Mswahili neno hilo linakuja na makali yake, na kwangu mimi linafaa, maana kungoja mtu usiyejua kama atakuja kunakata. Furaha ya mwisho wa wimbo ule imelipiwa na ngoja ile ya mwanzo. Ukianza na mtu ambaye tayari anasikia kengele zake, utulivu wa moyo unaofuata umetoka wapi?

Kuna jingine lililopotea. King aliuandika wa watu wawili, mwanamume na mwanamke. Ndivyo Helen Desha Beamer na Sam Kapu walivyourekodi mwaka 1928. Sauti zao zinatafutana, zinapishana, mwisho zinakutana. Andy Williams na Elvis waliimba peke yao. Yule bibi harusi kwenye chombo ni wa kutazamwa tu, wakati naye alikuwa na ngoja yake ya kusimulia.

Na lugha. King alizaliwa Honolulu mwaka 1874. Alikuwa kijana wa miaka 18 Malkia Liliʻuokalani wa Hawaii alipopinduliwa mwaka 1893, na mwaka 1896 sheria ikafanya Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia shuleni. Mtu wa kizazi hicho kuketi na kutunga kwa Kihawaii, na kushikilia kwamba wimbo wa Hawaii uimbwe kwa Kihawaii na usiharakishwe kwa mapigo ya jazi, hilo halikuwa jambo dogo. Ndiyo maana naumia maneno yake yakibaki mistari mitatu katikati ya mengine.

Elvis simlaumu. Mistari ile mitatu aliitamka kwa heshima, hakuikimbiza, na bila yeye nisingemfahamu King kabisa. Na sisi wenyewe tunapiga Malaika kwenye kumbi za harusi, watu wanacheza, huku mwimbaji analia kwamba hana mali ya kumwoa mpenzi wake. Ila Malaika maneno yake yapo, na anayetaka kuyasikia anayasikia.

Mwaka huu nilimtafutia mama mdogo sauti za Beamer na Kapu kwenye simu. Sauti imekwaruza, ya zamani sana. Nikamweleza maana, mstari kwa mstari. Akasikiliza mpaka mwisho, akaniomba nirudie mwanzo.

"Kumbe alikuwa anangoja, mwanangu," akasema. "Ndiyo maana hana haraka."