Askari Aliyesomea Sheria Anapotaka Joho la Hakimu

Katika sehemu kubwa ya Marekani hakimu wa kaunti hateuliwi na tume. Hupigiwa kura, na mara nyingi jina lake huwa chini kwenye karatasi, baada ya wanasiasa wakubwa. Msimu wa uchaguzi ukifika, mgombea wa aina fulani hakosi kujitokeza: alianza kazi akiwa askari wa doria, akasoma sheria usiku, akavua gwanda, akafanya uwakili kwa miaka kadhaa, na sasa anataka joho. Hoja ya wapinzani wake ni fupi na inauma: huyu ni mtu wao, wa polisi. Atasaini kila karatasi watakayomletea, atamwamini kila askari atakayetoa ushahidi, na mnyonge aliyekamatwa atakuwa ameshahukumiwa kabla hajafungua mdomo.

Hofu hiyo ina msingi, ila imeelekezwa pasipo pake. Anayeitoa huwa anafikiria hukumu: nani kafungwa, na kwa miaka mingapi. Kazi ya hakimu wa ngazi hii kwa sehemu kubwa hufanyika mapema zaidi, tena mara nyingi wakili wa utetezi hayupo. Ndiye anayesaini hati za upekuzi na za kukamata. Ndiye anayethibitisha kwamba mtu aliyekamatwa bila hati alikamatwa kwa sababu za kutosha, jambo ambalo Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema mwaka 1991 kwamba kwa kawaida lifanyike ndani ya saa 48. Anapanga dhamana, anasikiliza kesi za barabarani na za ulevi kwenye usukani. Karibu kila karatasi inayofika mezani pake imeandikwa na askari. Kwa hiyo cha kwanza kumpima mgombea ni kama anajua kusoma maandishi ya polisi.

Chukua hati ya kiapo inayoombea ruhusa ya kupekua nyumba inayodaiwa kutumika kuuzia dawa za kulevya. Huanza na wasifu wa askari: miaka ya kazi, kozi alizohudhuria. Kisha huja aya ambayo mtu wa ndani huitambua kwa mbali, "kwa mafunzo na uzoefu wangu, wauza dawa huweka fedha, silaha na daftari za madeni majumbani mwao." Aya hiyo mara nyingi imenakiliwa kutoka hati ya mwaka jana, na haisemi lolote kuhusu nyumba hii. Halafu anatajwa mtoa taarifa "anayeaminika". Anaaminika kwa lipi? Taarifa zake zilizaa matunda mara ngapi, na katika kesi zipi? Aliona dawa lini, juzi au wiki sita zilizopita? Mauzo yalifanyika ndani ya nyumba, au kwenye kona ya mtaa na askari anabahatisha kwamba mzigo uko nyumbani? Kama mtoa taarifa alitumwa kununua, je, alipekuliwa kabla ya kuingia? Asipopekuliwa kabla, dawa aliyotoka nayo huenda aliingia nayo. Fedha alizopewa zilikuwa na namba zilizonukuliwa? Kuna aliyemtazama mlangoni akiingia na akitoka, au walimwacha kwenye maegesho wakamsubiri?

Wakili aliyeishi kwenye kesi za mirathi na mikataba anaweza kuisoma hati hiyo mara mbili na kuiona imekamilika, kwa sababu inasomeka vizuri. Aliyewahi kuiandika mwenyewe anajua mashimo yako wapi, kwa kuwa anajua ni sentensi zipi huwekwa ili kuyaziba.

Usomaji huo ulipata uzito mpya mwaka 1984, katika kesi ya serikali dhidi ya Leon. Hapo Mahakama ya Juu ilisema ushahidi uliopatikana kwa hati yenye kasoro unaweza kutumika, mradi askari aliitegemea sahihi ya hakimu kwa nia njema. Yapo majimbo yaliyoikataa kanuni hiyo kwa katiba zao, Pennsylvania likiwa mojawapo mwaka 1991. Lakini inakotumika, matokeo yake ni haya: miezi baadaye wakili wa utetezi anaonyesha shimo lilipo, mahakama inakubali kwamba shimo lipo, na ushahidi unabaki palepale kwa sababu askari alimwamini hakimu. Zipo tofauti, kwa mfano askari akidanganya kwenye kiapo, au hati ikiwa tupu kiasi kwamba hakuna askari mwenye akili timamu angeitegemea. Ni milango myembamba. Kwa mshtakiwa wa kawaida, kinga imebaki kwa yule mtu mmoja aliyeamshwa usiku akaletewa karatasi asaini. Wanaosema "heri asiye na historia na polisi" sijawasikia wakieleza huyo mwingine atazionaje kasoro hizo usiku huo.

Kesi za ulevi ni vivyo hivyo. Mkenya aliyezoea kusimamishwa apulize alkoblo huenda asijue kwamba kabla ya kipimo cha pumzi, askari wa Marekani kwa kawaida humpa dereva majaribio matatu yaliyosanifishwa na wakala wa shirikisho wa usalama barabarani. La kwanza ni la macho: dereva anafuata kalamu kwa macho, na jicho likifika pembeni kabisa kalamu ishikiliwe hapo kwa sekunde zisizopungua 4. La pili ni kutembea kisigino kwa kidole, hatua 9 kwenda na 9 kurudi. Dalili ziko 8, na mbili zinatosha kumhesabu amelewa. La tatu ni kusimama kwa mguu mmoja sekunde 30, mguu wa pili ukiwa juu kama sentimita 15. Mwongozo unataka ardhi iwe kavu, ngumu, tambarare na isiyoteleza. Pia unatahadharisha kwamba wenye umri wa zaidi ya miaka 65, wenye maumivu ya mgongo au miguu, na wenye uzito mkubwa hupata shida na majaribio hayo hata wakiwa hawajaonja kitu. Ripoti itaandika "dalili 6 kati ya 6 machoni". Kamera ya kifuani itaonyesha kalamu ikipita mbele ya uso kama mtu anayefukuza inzi, kwenye bega la barabara lenye kokoto na mteremko. Hakimu aliyefunzwa jaribio hilo ataanza kuhesabu sekunde. Asiyefunzwa ataisoma ripoti.

Sasa upande wa pili, maana upo na una nguvu. Mwaka 1948 Jaji Robert Jackson aliandika kwamba maana ya hati ya upekuzi ni kuondoa uamuzi mikononi mwa askari, mtu aliye mbioni kusaka wahalifu, na kuukabidhi kwa hakimu asiyeegemea upande. Aliyekuwa mbioni miaka kumi, je, pumzi zimemtulia? Na kuna hatari ambayo wapinzani wenyewe hawaitaji mara nyingi, nami naiona kubwa kuliko upendeleo wa wazi. Sheria inamtaka hakimu aamue kwa yale yaliyoandikwa ndani ya kiapo. Mtu mwenye uzoefu hujaza yasiyoandikwa. Akikuta sentensi pungufu, anaelewa mwenzake alimaanisha nini, anaikamilisha kichwani, anasaini. Ujuzi uleule unaofichua shimo unaweza kulifukia bila mwenyewe kuhisi. Anayejua kuuliza "mbona hajaandika?" na anayejiambia "najua alichotaka kuandika" walipitia chuo kimoja cha polisi.

Hata hivyo, ukizipitia kesi ambazo Mahakama ya Juu ilikuta hakimu amepoteza uhuru wake wakati wa kutoa hati, huoni historia ya polisi ikitajwa kama kosa. Mwaka 1977, katika kesi kutoka Georgia, tatizo lilikuwa dola 5: hakimu alilipwa kiasi hicho kwa kila hati aliyoitoa, na akiikataa halipwi kitu. Mwaka 1979, hakimu wa mji mdogo wa New York alifuatana na polisi kupekua duka la vitabu na filamu za ngono. Walikaa humo karibu saa sita, yeye akiamua papo hapo kipi kichukuliwe. Mahakama ilisema aligeuka mmoja wa wapekuzi, na haikuuliza alikuwa nani zamani. Mwaka 1976 mahakama hiyohiyo ilimruhusu mchimba makaa ya mawe wa Kentucky, asiyesomea sheria kabisa, aendelee kukaa kwenye kiti, kwa sababu mshtakiwa angeweza kudai kesi isikilizwe upya na hakimu mwanasheria. Hadi leo wengi wa mahakimu wa miji na vijiji vya New York si mawakili.

Tena waendesha mashtaka ni nadra kuulizwa swali hili. Sonia Sotomayor aliendesha mashtaka Manhattan, Samuel Alito alikuwa mwendesha mashtaka mkuu wa shirikisho New Jersey, na wote wawili wameketi Mahakama ya Juu bila historia hiyo kuwazuia. Mtihani halisi ulikuja mwaka 2016. Jaji Mkuu wa Pennsylvania, Ronald Castille, alikuwa ameshiriki kusikiliza rufaa ya mtu ambaye yeye mwenyewe, zamani akiwa mwendesha mashtaka, aliidhinisha aombewe adhabu ya kifo. Mahakama ya Juu ilisema alipaswa kujitoa. Kosa lilikuwa kuishika mara ya pili kesi aliyokwisha kuishika. Mpaka huo unaandikika, na unamfaa askari wa zamani pia.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kampeni. Utafiti wa mahakama za jimbo la Washington uliochapishwa 2013 ulikuta kwamba vifungo kwa makosa makubwa vilirefuka kwa takriban asilimia 10 muhula wa hakimu ulipokaribia kwisha, ukilinganisha na mwanzo wake. Kwa kifungo cha miaka mitano, hiyo ni miezi sita. Hakimu ni yuleyule, sheria ni ileile, kosa linafanana. Kilichobadilika ni kalenda. Miezi sita ya mtu ambaye, kama angehukumiwa mapema kidogo katika muhula, angekuwa ameshatoka. Na mahakimu wale walitoka kila pembe ya taaluma. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa 2002 katika kesi kutoka Minnesota, mgombea ana haki ya kutangaza msimamo wake kuhusu masuala ya kisheria yenye ubishi, ingawa kanuni za maadili bado zinamzuia kuahidi ataamua vipi. Askari wa zamani hushawishika kuicheza karata ya gwanda: picha na gari la doria, uungwaji mkono wa chama cha polisi, neno "mkali" kwenye bango. Hapo wapinzani wana haki ya kupiga kelele, na mgombea hana wa kumlaumu.

Kuna pia hesabu ambayo pande zote mbili huikwepa. Kwenye kaunti kubwa, kesi za idara aliyoitumikia zitahamishiwa chumba cha pili na maisha yataendelea. Kwenye kaunti yenye hakimu mmoja, kila kujitoa kunamaanisha kuazima hakimu wa jirani, tarehe kusogezwa, na mahabusu aliyeshindwa dhamana kuongeza siku ndani. Idara ikiwa moja na hakimu mmoja, ahadi ya "nitajitoa panapostahili" ama haitatekelezeka, ama atakayeilipia ni yule yule mahabusu. Huko hata mimi ningesita.

Kwa wasemaji wa Kiswahili waliopata uraia na kujiandikisha kupiga kura Houston au Minneapolis (mwenye grini kadi asithubutu, kwani kura hiyo inaweza kumfukuzisha nchini), mambo ya kumuuliza mgombea huyu ni ya kawaida kabisa. Aliacha idara mwaka gani, na bado analipwa pensheni nayo? Ana ndugu kazini humo? Kesi zipi atazikabidhi kwa mwenzake, na kwa miaka mingapi? Ayaweke kwenye maandishi. Kisha aulizwe kama katika miaka yake ya uwakili aliwahi kumhoji askari wa idara yake ya zamani mbele ya mahakama, na kuomba ushahidi uliopatikana kwa hati mbovu utupwe. Akisema ndiyo, atoe namba za kesi. Maombi yenyewe huwa kwenye jalada kwa karani wa mahakama, na nakala ya mahojiano, kama yalinukuliwa, hulipiwa kwa ukurasa.