Said Tajwa

Walioanza ni kuku. Mama Asha alisema amechoka na mayai ya dukani yenye kiini kilichopauka kama uso wa mgonjwa, anataka kuku wake mwenyewe, wa kuchakura. Mimi nikaitika haraka, maana katika ndoa kuna mambo ya kubishania na kuku hawamo.

Tunaishi Ohio, magharibi ya mto Scioto. Nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na kipande cha ardhi, robo tatu ya eka, mali ya jirani yetu, mkulima mstaafu. Kina namba yake peke yake kwenye ramani ya kodi, kwa hiyo hakuna cha kukata wala kugawa. Mzee alisema magoti yake hayataki tena kufyeka. Tukapatana bei Agosti, barazani kwake, kwa glasi ya chai ya barafu, kinywaji ambacho mpaka leo naona ni chai mtu aliyoisahau. Mzee akaenda kwa wakili mmoja kijana mjini, hati ikaandikwa, akaisaini mbele ya nota, ambaye kwetu Tanga tungemwita kamishna wa viapo. Wakili akasema ataipeleka mwenyewe kusajiliwa. Safi.

Kabla haijapelekwa niliikagua. Naapa niliikagua! Mimi nimekulia Chumbageni, nimeona ndugu wa tumbo moja wakinuniana miaka kumi kwa sababu ya ukuta wa futi mbili. Nilisoma mipaka mara tatu, nikaenda na kamba nikaipima. Jina la mnunuzi sikulisoma. Nani anasoma jina lake mwenyewe?

Januari nikaenda kuomba kibali cha banda. Yule bwana wa vibali akataka nakala ya hati iliyosajiliwa, yenye mhuri na namba. Nikamchukua Mama Asha, tukaenda mjini.

Katikati ya mji kuna jengo la mahakama ya kaunti, kuba juu, askari wa jiwe wa vita vya wenyewe kwa wenyewe amesimama kwenye majani na bunduki yake. Jengo kubwa namna ile, nikajua hati zimo humo. Tukavua mikanda mlangoni, tukapita kwenye mashine, tukaona foleni, tukaingia. Mbele yetu kijana na binti wameshikana mikono. Nyuma yetu kijana na binti wameshikana mikono. Tulipofika dirishani mama mmoja akatutazama kwa tabasamu, akatusukumia fomu. Ilikuwa foleni ya leseni za ndoa.

"Sawa," Mama Asha akaniambia kwa Kiswahili, "lakini ya pili hii mahari nataka upya, na safari hii naipanga mwenyewe."

Ofisi ya msajili wa hati ilikuwa jengo la pili, dogo, ambalo nilikuwa nimeegesha gari mbele yake.

Sasa niwaeleze kidogo, maana kwetu mambo ni tofauti. Tanzania ardhi ni ya umma, Rais ndiye mdhamini, na wewe unapewa hati ya miaka 33, 66 au 99. Hapa nilimwuliza karani hati yangu ni ya miaka mingapi. Akasema milele. Nikauliza tena, nikidhani hajanielewa. Milele. Halafu cha ajabu, hiyo milele hailindwi na cheti chenye lakiri nyekundu. Unaleta karatasi yako, wanapiga mhuri wa tarehe na saa, wanachukua nakala, wanaandika jina la muuzaji kwenye faharasa moja na la mnunuzi kwenye faharasa nyingine, wanakurudishia karatasi yako. Kama uliyoyaandika ni kweli au si kweli, msajili hahusiki. Kazi yake ni kuandika ulichompa. Na mtu yeyote, yeyote kabisa, anaweza kuingia akasoma.

Hilo la mwisho Mama Asha alilielewa haraka kuliko mimi. Wakati mimi natafuta miwani, yeye kashakaa kwenye kompyuta anachungulia nyumba za watu tunaosali nao. Mikopo ya nyumba nayo inasajiliwa humo humo. Kuna bwana mmoja kila Ijumaa anatusimulia jinsi alivyonunua nyumba kwa fedha taslimu, hakugusa riba hata ya senti. Mama Asha alisoma skrini, akasema "Allahu akbar," akahamia jina linalofuata.

Nikamwondoa. Nikaandika jina langu: Said. Hakuna kitu. Nikaandika jina kamili, Said Mohamed Said. Hakuna. Nikaandika na "i" mwishoni, nikaandika na "y" katikati, nikalivunja jina la marehemu babu kila namna. Hakuna.

Mtu mwenye akili angemwita karani. Mimi nilisema kompyuta haina adabu, karatasi haidanganyi, nikaingia chumba cha vitabu. Vitabu vyenyewe si vya kubeba kwapani. Ni majalada ya turubai yenye uzito wa kiroba cha unga, yamelala kwenye rafu za chuma zenye magurudumu madogo, ukivuta kimoja kinakuja kwa mngurumo kama gari moshi. Unakilaza kwenye meza yenye mwinamo. Nilivuta cha kwanza kilichonipendeza. Kilikuwa cha 1851, mwandiko wa kalamu ya wino, herufi zimelala upande mmoja kama minazi ya Pangani wakati wa kusi.

Na humo ndani nikajikuta mwenyewe.

Mistari mitatu ya kwanza, Said mara nne. Nikafunua ukurasa, Said. Nikafunua mwingine, Said, Said, Said. Jamani! Nimefika nchi hii na begi moja, kumbe nimeshanunua kaunti nzima kabla ya magari.

Wasomaji wenye Kiingereza chao wameshacheka. Herufi za jina langu, kwa Wamarekani, ni neno "alisema", ndiyo maana kazini naitwa Mista Sed na nimeshazoea. Nilichokuwa sijui ni kwamba wanasheria wana maana yao nyingine ya neno hilo hilo. Kwao "said" ni kama "tajwa" kwenye barua zetu za serikali: kiwanja tajwa, muuzaji tajwa, kaunti tajwa. Katika hati za zamani wanalinyunyiza kama pilipili manga kwenye pilau.

Mama Asha naye hakujua. Alikuwa anasoma kwa kidole, polepole, juu ya bega langu. Kidole kikasimama.

"Baba Asha. Huyu 'said wife' ni nani?"

"Yupi?"

"Huyu hapa. Mke wa Said. Na huyu hapa mwingine, 'said Mary'. Na ukurasa ule pia yumo."

"Mama Asha, hii ni 1851."

"Mimi nimeuliza ni nani, sikuuliza mwaka."

Ikabidi tusome pamoja mpaka chini. Zamani katika Ohio mume akiuza ardhi, mkewe naye lazima asaini kuachia haki yake ya ujane katika ile ardhi, na hakimu alimwita mwanamke pembeni, mbali na mumewe, amwulize kama kweli ameridhia au amelazimishwa. Imeandikwa hivyo hivyo, kando na mbali na "said husband". Ile ya kuitwa pembeni imeachwa, lakini saini ya mke bado inatakiwa mpaka leo. Mama Asha aliposikia hayo alisahau wake wenza wake wote. "Mbali na Said mumewe," akarudia, kwa raha kama anayesoma shairi. "Hawa watu walikuwa na akili."

Kisha akakuta vipimo. Upande huu wa Scioto mashamba walipewa wanajeshi wa Virginia waliopigana na Mwingereza, na waliyapima kutoka mti hadi mti: kutoka mti huu nenda kaskazini mpaka kwenye jiwe, kutoka jiwe mpaka kwenye mti mwingine. Kipimo chao ni ufito wa futi 16 na nusu, unaoitwa "pole". Kwa hiyo kila mstari wa mpaka una "poles" 40, "poles" 22, "poles" 61.

"Wanatupa pole," Mama Asha akasema. "Wameshajua hatutaiona hati yetu."

Tulikuwa tunacheka peke yetu hadi karani akaja. Akatazama kitabu, akanitazama mimi. Akauliza kwa upole kwa nini hati ya Agosti iliyopita naitafuta kwenye kitabu cha 1851. Sikuwa na jibu la heshima. Akanirudisha kwenye kompyuta, na badala ya jina langu akaandika la mzee muuzaji. Sekunde mbili. Hii hapa: mzee amemuuzia kipande tajwa bwana anayeitwa Mohamed.

Mohamed. Basi. Bila mbele, bila nyuma.

Baadaye wakili alinieleza, na alikuwa na haya ya kutosha. Katibu wake alikuta sentensi inasema ardhi inakwenda kwa "Said Mohamed Said". Yeye ni mtu makini. Akaona "tajwa" limezidi, tena linamtaja mtu ambaye bado hajatajwa. Akasafisha Kiingereza. Alifuta la mbele, akafuta na la nyuma.

Mohamed ni baba yangu. Alifariki Tanga 1998, na safari yake ndefu ya maji ilikuwa boti ya Pemba. Sasa ana robo tatu ya eka Ohio, milele.

Mama Asha ni mwanamke mwenye sifa nyingi, kutunza siri haimo. Kabla hatujatoka kwenye maegesho alikuwa ameshamsimulia wifi yake kwa simu, na kufikia magharibi ya Tanga, lile grupu la ukoo kwenye WhatsApp lilikuwa linachemka. Kipande cha kufugia kuku kilishakuwa shamba. Saa moja baadaye lilikuwa shamba la ng'ombe.

"Kaka yangu kaacha mali Marekani," Shangazi alisema kwa sauti ya dakika nne, "na nyie mmekaa nayo kimya miaka yote hii mnatuambia mnabeba maboksi?"

Nikaandika kuwa ni kosa la uchapaji. Mdogo wangu akajibu kuwa Wazungu hawakosei kwenye karatasi. Kaka mkubwa, ambaye ni ustadhi, hakuuliza kama ni kweli. Alikwenda moja kwa moja kwenye mafungu. Mama thumni. Kinachobaki, wanaume watatu mafungu mawili mawili, wanawake wawili fungu moja moja. Shangazi amezuiliwa, kwa kuwepo watoto wa kiume.

"Nizuiliwe na nyie niliowabeba mgongoni!" Hiyo ilikuwa dakika sita.

Kusahihisha kulichukua wiki tatu. Mzee alisaini tena mbele ya nota, akaniuliza kama kuuza mara ya pili kunalipwa mara ya pili. Karatasi ikapita tena kwa mhandisi wa kaunti kukaguliwa mipaka, kwa mkaguzi wa hesabu kuhamishwa jina, ndipo kwa msajili. Karani yule yule akaisoma kwa sauti ya chini kaunta, kwamba mnunuzi aliyeandikwa Mohamed ndiye Said Mohamed Said, na kwamba "said Said"... Akasimama. Akarudi nyuma. "Sed Sed?" Nikamwambia ndiyo, wa kwanza ni tajwa, wa pili ni mimi. Alipiga mhuri bila kunitazama, mabega yanamtikisika.

Ila bili ya kodi ya ardhi, ambayo hapa huja mara mbili kwa mwaka, ilikuwa imeshachapwa. Ikafika Februari, imeandikwa kwa heshima zote kwa Bwana Mohamed. Dola 192.

Nikaipiga picha, nikaitupa kwenye grupu, na hesabu ya ustadhi chini yake: Mama, thumni, dola 24. Kila mtoto wa kiume, 42. Kila mtoto wa kike, 21. Mwisho wa kulipa upo kwenye karatasi.

Tiki za buluu zikaja zote. Ustadhi alionekana anaandika, akaacha. Anaandika, akaacha. Mdogo wangu alituma picha ya machweo. Kukawa kimya hadi baada ya isha, ndipo ikaingia sauti moja tu, sekunde tatu, ya Shangazi:

"Alhamdulillahi, mimi nilishazuiliwa."