Wifi, ungelihesabu na lile boma

Jumapili iliyopita wifi yangu alikuja kutusalimia. Alikuja na nusu gunia la viazi, na mdomo wake. Viazi hapa Njombe vimejaa, lakini nilipokea kwa mikono miwili na kushukuru, maana ndivyo tulivyolelewa. Tatizo lilianza aliposikia baridi. Juni ya huku mnaijua, saa tisa mchana mtu ameshajikunyata kama kuku aliyenyeshewa. Akainuka kutafuta shuka la kujifunika miguu, na badala ya kuniuliza, akafungua shangazi kaja lililokaa nyuma ya kochi.

Mle ndani hamna mashuka. Mle ndani ndimo ninamoweka kazi zangu za kufuma.

Basi akaanza kutoa kimoja kimoja mbele ya wageni, kama anakagua mzigo pale Tunduma. Sweta la kijani lisilo na mikono. Skafu. Soksi ya mguu mmoja. Blanketi la mtoto mchanga, robo yake. Kofia iliyoishia utosini. Kitambaa cha kochi, kimoja kati ya sita. Na sweta jingine, jekundu, ambalo hata mimi nilikuwa nimelisahau.

"Saba!" akasema. "Wifi yangu, vitu saba na hakuna hata kimoja kilichokwisha? Kweli Mama Faraja wewe ni mtu wa kuanza-anza."

Wageni wakacheka. Mimi pia nikacheka, na chai nikamwongezea. Lakini Baba Faraja naye akacheka, tena kicheko kile cha kuinamisha kichwa na kupiga goti. Hapo ndipo roho iliponiuma, na ndiyo sababu leo naandika badala ya kufuma.

Kwa sababu Baba Faraja ana kiwanja.

Msingi tulichimba mwaka 2017, Faraja ananyonya. Mwaka 2019 ukuta ukafika kwenye madirisha. Mwaka 2021 tukapiga lenta, tukachinja na kuku. Tangu siku hiyo boma limesimama hivyo hivyo, halijapauliwa, halina bati hata moja. Mahali panapotegemewa kuwa sebule pameota mparachichi, nadhani fundi mmoja alitupa kokwa wakati wa chakula cha mchana, na sasa umenipita kimo. Faraja yuko darasa la tatu.

Je, kuna mtu amewahi kuja pale akahesabu? Akasema, "Shemeji, vyumba vitatu, choo na jiko, na hakuna hata kimoja kilichokwisha"? Thubutu! Wageni tunawapeleka kwa makusudi walione. Wanazunguka, wanapiga ukuta kwa kiganja kama wanapima ng'ombe mnadani, wanasema hongereni sana, mji si haba. Wifi huyu huyu alipiga picha amesimama kwenye uwazi wa mlango, mkono kiunoni. Boma la miaka minne bila paa linaitwa maendeleo. Sweta bila mikono linaitwa uvivu.

Na mimi silidharau boma, nisieleweke vibaya. Nusu ya tofali zile ni za mchezo wangu wa vikoba. Ninachosema ni kwamba nchi nzima tunajenga hivi, kidogo kidogo, na kila mtu anaelewa kwa nini. Ukipata fedha ya saruji unanunua saruji, ukipata ya mchanga unaita tripu ya mchanga, ada ikiingia katikati unasimama. Hatumwiti mtu mvivu kwa sababu amesimama kwenye lenta. Tunajua amesimama kwa sababu kuna watoto wanakula.

Sasa mimi nafuma vivyo hivyo hasa. Saruji yangu ni muda.

Hebu niwaambie siku yangu ilivyo. Saa kumi na moja nimeamka, nawasha mkaa, kwa sababu maji ya kuoga watoto bila kuchemsha huku ni kuwagandisha. Saa kumi na mbili na nusu wametoka. Nafungua genge langu mpaka saa nane. Saa tisa wa mwisho amerudi na ana njaa na ana hadithi. Jioni kuna kuchota, kupika, kufua soksi za shule ambazo haziwezi kukauka mpaka uzianike juu ya jiko. Nikipata kukaa chini bila mtu kuniita, ni saa nne usiku, na hapo macho yanauma.

Kwa hiyo hakuna "muda wa kufuma". Kuna vipande. Na vipande havilingani, ndiyo maana kazi nazo hazilingani. Skafu haina hesabu yoyote, mikono inakwenda yenyewe, basi hiyo ni ya gengeni na ya kwenye kikao cha vikoba, pale mweka hazina anaporudia kuhesabu kwa mara ya tatu. Soksi ni ndogo, inaingia mfukoni, hiyo ni ya foleni ya kliniki na ya kwenye basi la kwenda Makambako. Kitambaa cha kochi kinafumwa kwa sindano moja ya kulabu, hata mtoto akikikwapua hakuna kinachomwagika, hicho ni cha jioni wakiwa wanacheza miguuni. Sweta la kijani lina michoro ya misokoto kifuani, ukikosea kitanzi kimoja umeharibu mistari kumi, hilo ni la usiku watu wamelala. Msibani sifumi kabisa, kabla hamjaniuliza.

Wifi aliona vurugu. Ile ni ratiba.

Ningekuwa na kazi moja tu, kama anavyotaka yeye, ingebidi iwe lile sweta la misokoto, na ningelifuma usiku peke yake, nusu saa, na mchana kutwa gengeni mikono ingekaa bure juu ya nyanya. Nani angefaidika? Hizo saba zinasogea. Polepole, lakini zote zinasogea. Isipokuwa ile nyekundu, nimeshakiri kwamba niliisahau.

Nikubali na lingine, kwa shingo upande. Lile blanketi la mtoto mchanga nililianza jirani yangu alipokuwa na mimba ya miezi sita. Mtoto sasa anaenda chekechea na begi lake mgongoni, na kila akinisalimia "shikamoo mama" naona aibu. Na sweta la kijani lilikuwa la Faraja wa miaka minne. Likaja kuwa la mdogo wake. Sasa mdogo wake naye limembana makwapani, na aliyebaki ni huyu wa mwisho, ambaye nikizubaa atanipita vilevile. Kwa hilo wifi ana haki. Nyumba haikui miguu ikiwa bado inajengwa, mtoto anakua.

Lakini hata hilo lina sababu, na sababu si mimi. Sweta lile lilisimama kwa ajili ya uzi. Kwenye karatasi inayozungushiwa uzi huwa kuna namba mbili, moja ya rangi na nyingine ya mkupuo uliotiwa rangi siku moja. Nilinunua bunda sita, dukani wakanihakikishia zipo nyingine, nisiwe na haraka. Nikarudi baada ya mwezi. Rangi ile ile, namba ile ile ya rangi, mkupuo mwingine. Muuza duka ananiambia, "Mama, mbona zinafanana?" Zinafanana ndani ya duka lenye taa ya mwanga mweupe. Nimefuma mistari minne, nikatoka nje juani: mstari umekaa tumboni kama nyumba ya mtu aliyeishiwa tofali za kuchoma akamalizia na za bloku. Nikafumua. Tangu hapo mikono inasubiri.

Ndipo nikaingia mitumbani. Wanaofuma wenzangu mnajua, wengine mnadhani natania: uzi mzuri kabisa ninaoupata, wenye sufu ya kweli, natoa kwenye masweta ya mtumba. Lakini si kila sweta. Unaligeuza ndani nje, unaangalia mshono wa ubavuni. Ukikuta limekatwa na kupigwa ovaloki, liache, kila mstari umekatwa mwisho, utapata vipande vya uzi wa urefu wa mkono, labda vya kujazia mto. Ukikuta kingo zimefumwa zikaishia zenyewe na kuunganishwa kwa uzi wa kushonea tu, lipia haraka kabla hajajua unalitakia nini. Nyumbani unakata ule uzi wa kuunganishia, unatenganisha mgongo, kifua na mikono, unatafuta ncha kule juu lilikomalizikia, unavuta. Linashuka lenyewe, trrr, mstari kwa mstari, uzi unatoka umejikunja kama tambi. Unauzungushia miguu ya stuli iliyopinduliwa, unaufunga sehemu nne usije ukachanganyika, unaulowesha, unautundika na chupa ya maji kwa chini uuvute. Kesho yake umenyooka.

Kazi hiyo nafanya na Faraja. Yeye anazungusha stuli, mimi navuta, na hapo ndipo ninapopata habari zote za shule ambazo nikimuuliza mezani anajibu "kawaida tu". Mwezi uliopita niliambiwa nani alilia darasani na kwa nini, wakati tunafumua kardigani ya bibi fulani wa Ulaya. Hiyo nayo wifi aiweke kwenye hesabu yake.

Mimi mwenyewe nilijifunzia shule ya msingi, kipindi cha Stadi za Kazi. Sindano hatukuwa nazo. Tulichukua spoku za baiskeli kwa fundi, zile zilizopinda, tukazinyoosha na kuzinoa kwenye jiwe mpaka zisikwaruze. Mwalimu wetu alikuwa haangalii kama umemaliza. Alikuwa anageuza kazi, anaangalia upande wa nyuma. Ukiwa na mafundo nyuma, unafumua mbele yake. Wavulana nao walifuma, na mmoja wao alitushinda wote, sasa ni dereva wa lori na akiniona anajifanya hakumbuki.

Ah, na hili la wanaume. Kuna kisiwa kinaitwa Taquile, kipo Ziwa Titicaca kule Peru, ambako kufuma kofia ni kazi ya wanaume. Mvulana anaanza akiwa mdogo, na mtu mzima anatembea njiani huku anafuma. Ufumaji na usukaji wao UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa la elimu na utamaduni, iliutangaza mwaka 2005 kuwa kazi bora ya urithi usioshikika wa binadamu. Nilimsomea Baba Faraja habari hiyo, polepole, na neno UNESCO nikalirudia. Akaniuliza hao wanaume viwanja wanavyo?

Lakini huyu Baba Faraja nisimwonee. Mwezi wa tatu huyu wetu wa mwisho alichomoa sindano kwenye sweta la kijani, akaenda nayo nje kutengeneza mshale. Nilipoingia nikakuta vitanzi tisini na sita vimekaa wazi juu ya kochi, vinaangalia dari. Wenye kufuma mnajua ule ubaridi unaopita tumboni. Ukigusa tu, ukipiga chafya tu, kimoja kinashuka, kinakokota cha chini yake, kazi ya wiki mbili inafunguka kama ngazi. Na umeme ulikuwa umekatika. Baba Faraja hakuuliza kitu. Alikuja na simu yake, akapiga magoti kando ya kochi, akashika tochi kwa dakika arobaini wakati mimi naokota kimoja kimoja, na kila mkono ulipomchoka alihamishia wa pili bila mwanga kutikisika. Mtoto alisimama mlangoni na mshale wake, kimya. Vitanzi viwili vilishuka, nikavipandisha kwa njiti ya kiberiti.

Sasa mtu aliyefanya hivyo anacheka nini wifi anapohesabu? Yeye ni shahidi. Yeye ndiye alipaswa kusema, "Dada, hilo la kijani liache, hilo limepona ajali."

Nilimwambia hayo usiku, wageni wameondoka. Akasema alikuwa anacheka tu, si kwa ubaya. Nikamwambia Jumapili ijayo tukienda kwao nitaomba mama mkwe anisindikize kiwanjani, nikahesabu vyumba kwa sauti. Hapo akanyamaza. Kisha akalichukua shangazi kaja, akakunja vile vitu saba, vibaya, akavirudisha ndani na kulisogeza karibu na upande ninaokaa.

Jana jioni akarudi na furaha zake, akanitangazia kwamba mwezi ujao tunanunua nondo za kuongezea baraza, za milimita kumi na mbili. Nikamwambia vizuri, Mungu asaidie. Mimi za milimita mbili ninazo tano, fundi baiskeli kanipa bure. Nimeanza soksi nyingine.