Usinunue kabureta kabla hujayaona mafuta

Pikipiki yangu, 125 ya kawaida kama za bodaboda, ililala bandani masika nzima. Siku ya kuitoa nilipiga kiki mpaka goti likauma: inakohoa mara moja, kimya. Fundi aliisikiliza kidogo, akasema kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, imekufa, nikanunue nyingine. Nikanunua. Siku ya tatu ugonjwa ukarudi uleule, maana uchafu ulikuwa tankini, na kabureta mpya iliumeza kama ya zamani.

Tangu hapo nashikilia jambo moja: bisibisi isiguse skrubu ya hewa, ile ya kurekebishia mchanganyiko kwenye kabureta, kabla mafuta hayajaonekana kwa macho.

Chini ya bakuli la kabureta, pale petroli inapokusanyika, pana skrubu ya kumwagia. Kaa nje, mbali na jiko na sigara, kinga chupa inayoonyesha, fungua koki ya tanki, legeza skrubu hiyo. Petroli ikitiririka bila kukatika, njia ni nzuri. Ikianza vizuri kisha ikawa matone, fungua mfuniko wa tanki. Mtiririko ukirudi, tundu la kupumulia la mfuniko limeziba, na umeokoa pesa yako. Usiporudi, kagua koki, chujio, na sindano ya floti iliyonata, ile inayofunga na kufungua petroli kuingia bakulini.

Chupa iache itulie. Maji ni mazito kuliko petroli, yatakaa chini. Yangu yalikaa, pamoja na unga wa kutu. Kitu ambacho chupa haikuonyeshi ni uchakachuaji: mafuta ya taa yakichanganywa humo hayageuki mvuke kirahisi injini ikiwa baridi, basi asubuhi unateseka. Kenya ilipoweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018, ilitaka kuua faida ya mchezo huo.

Bakuli likijaa vizuri na bado haiwaki, piga kiki kadhaa kisha fungua plagi, ile inayotoa cheche. Imelowa? Mafuta yanafika, pengine yamezidi kwa sababu sindano haifungi au choki, ile ya kuzidishia mafuta injini ikiwa baridi, imekwama. Au plagi haitoi cheche, na kabureta inasingiziwa tu. Ikiwa kavu, namshuku jeti mdogo, kile kipande chenye tundu la kupitishia mafuta, yule anayelisha injini wakati wa kuwaka na ikiwa sailensi, yaani ikinguruma bila kuvutwa mafuta. Tundu lake halifiki nusu milimita, na petroli iliyolala miezi huacha gundi. Utamjua pia kwa hili: pikipiki inashika kwa choki, ukirudisha choki inazima hata ikiwa imeshapata moto. Angalia na mpira unaounga kabureta na injini, maana ukipasuka unavuta hewa na dalili zinafanana.

Hapa ndipo ninapogombana na mafundi wengi. Wanachokonoa jeti kwa waya wa breki ya baiskeli! Jeti ni shaba laini. Tundu likipanuka, mafuta yatazidi na plagi itakuwa nyeusi siku zote. Loweka kwa dawa ya kusafishia kabureta, kisha puliza kwa upepo wa kompresa. Na skrubu ya hewa, kabla ya kuitoa, ikaze taratibu mpaka mwisho ukihesabu mizunguko, uandike, ili uirudishe palepale.

Niliosha tanki, nikabadilisha chujio, nikafunga kabureta ya zamani. Leo asubuhi imewaka kiki ya pili. Ile mpya iko kwenye boksi lake.