Nilivyoongoza msafara wa harusi kwa mteremko

Kabla hujanicheka naomba ujue kwamba pikipiki yangu ilikuwa nzima. Hilo ndo linaloniuma mpaka leo.

Ni Honda CRF250L, cc 249, nilinunua mkononi kwa mtu, na hapa Kigoma ukipita nayo Mwanga watoto wanakimbia nyuma yako. Wenzangu kijiweni wana Boxer na TVS za kabureta, yangu ya nozeli inayopulizia petroli kwa umeme, ina kontroli boksi yake chini ya siti, yaani inajifikiria yenyewe iweke mafuta kiasi gani. Sasa mtu mwenye akili angeiacha hivohivo. Mimi nikafunga sailensa ya wazi, nikakata mfuniko wa eakilina, kile kichujio cha hewa, ili ipumue vizuri, nikapaka na rangi ya chungwa kwenye rimu. Sauti ikawa tamu asee! Ila kila nikiachia resi inapiga pa! pa! pa! kama sikukuu, siku moja pale Kibirizi mama mmoja muuza dagaa akalala chini kabisa na beseni lake, nikalipa dagaa nusu beseni.

Kijiweni wakaniambia umeiongezea hewa hujaiongezea mafuta. Wenye kabureta wao wanaenda kwa fundi anabadilisha jeti, kile kitundu cha kupitisha petroli, anapandisha sindano, elfu kumi imeisha. Ya nozeli haina jeti ya kubadilisha, lazima umdanganye yule mwenye kufikiri. Hapo ndo nikasikia habari za tyuna, vifaa vya kurekebisha mafuta ya nozeli.

Wiki tatu mi sikulala. Mke wangu alidhani nina mchepuko maana usiku wa manane niko na simu nimejifunika shuka nasoma. Nikajua kuna hizi kama Power Commander, kiboksi kinakaa katikati ya kontroli boksi na nozeli, boksi ikisema nozeli fungua kwa milisekunde kadhaa, chenyewe kinarefusha kidogo au kinapunguza, kulingana na injini inazunguka vipi na resi umevuta kiasi gani. Unachomeka laptopu, unaweka mapu, yaani jedwali la mafuta, ya pikipiki yako na sailensa yako, na ukitaka iwe sawasawa unaipandisha kwenye mashine yenye rola inapimwa nguvu, ambayo mimi hapa mwisho wa reli sijawahi kuiona. Kuna zingine za vitufe hazitaki laptopu. Kuna na watu wanaofuta kabisa ubongo wa kontroli boksi na kuandika upya, hao niliwaogopa. Nikajua mpaka hesabu yake, kwamba petroli kilo moja inataka hewa kilo 14.7 ili iungue yote isibaki, na ukitaka nguvu unashuka kwenye 13 hivi. Nikawa naongea 14.7 hata kwenye ugali, naambia mke wangu leo maji yamezidi unga, iko richi hii. Alinitazama tu.

Kwa hiyo elimu ninayo. Halafu nikanunua kitu kingine kabisa.

Maana bei za zile za kweli, ukiweka na usafiri, nilihesabu nikaona nauza mbuzi wote na bado nadaiwa. Shemeji yangu wa Dar akanitumia picha, "shem kuna chipu hii hapa, laki na themanini, haitaki laptopu, unachomeka dakika tano." Picha ina moto unatoka kwenye ekzosi. Mimi ule moto ndo ulionimaliza. Na muuzaji anasema ukichukua wiki hii unapewa ya pili bure! Nikatuma hela hapohapo, nimesimama, sikukaa hata chini.

Mzigo ukafika na basi. Vidude viwili vidogo kama punje ya korosho, vimemwagiwa gundi nyeusi, kila kimoja kina nyaya mbili. Maelekezo: chomoa soketi ya sensa ya joto la hewa, chomeka chipu. Basi. Nikachomeka. Pikipiki ikawaka. Nikaangalia kile cha pili kiko mezani, kimenyamaza, na mimi ni mtoto wa Kigoma siwezi kuona kitu cha bure kimekaa, nikaunganisha vyote viwili, kimoja nyuma ya kingine. Kama kimoja kinaleta moto, viwili je?

Jaribio nililifanya Manyovu. Julai, alfajiri, nimevaa makoti mawili, ile milima ya Kalinzi kwenye kahawa kuna baridi mpaka meno yanagongana. Na pikipiki ilikuwa inaenda!! Inavuta bila kukohoa, mafataki yamepungua, nikarudi nyumbani nikamwambia mke wangu hela yangu imerudi. Baba mdogo aliposema binti yake anaolewa mwezi wa kumi na anatafuta pikipiki ya kuongoza msafara, nani mwingine?

Siku ya harusi. Saa nane mchana, jua la mwezi wa kumi, na kanisani Gungu tumetoka mwendo wa kinyonga. Nyuma yangu amekaa mpiga video kanigeuzia mgongo, kamera inamwangalia bibi harusi, gari la maharusi liko mita tano, jeupe, limefungwa maua meupe. Resi ya chini, breki, resi, breki. Nikaanza kusikia harufu ya petroli kama niko shell. Mpiga video anakohoa. Nikasema ngoja niisafishe koo nikapiga resi moja ya nguvu, bro, ule moshi uliotoka ulikuwa mweusi kama wa meli ya zamani, ukaenda wote kwenye kioo cha gari la maharusi na dirisha lilikuwa wazi. Nikapiga tena ili uishe. Haukuisha, uliongezeka.

Pale sokoni Mwanga ikazima. Piga stata, wapi. Piga tena, wapi. Tarumbeta zimenyamaza, akina mama wa sokoni wameacha nyanya wamekuja kutazama. Shangazi akashuka garini, kilemba cheupe kimekuwa cha kijivu, "Wewe! Ulitumwa na nani? Sema tu, tuko ukoo mmoja hapa, sema ulitumwa na nani!" Nikasema shangazi ni mafuta yamezidi hewa. Akasema hewa ndo imezidi, iko kichwani mwako.

Sasa ukitoka Mwanga kwenda mjini stesheni ni mteremko. Mpiga video kakataa kushuka, anasema amelipwa akae hapo. Vijana wakatusukuma, ikaanza kubingirika yenyewe, na mimi hivyohivyo nikaongoza msafara chini ya ile miembe ya barabara ya Lumumba bila injini, bila sauti, natoa ishara ya mkono kama trafiki, nyuma tarumbeta zinapiga tena. Tulifika stesheni ya Mjerumani kwa heshima kabisa. Tatizo barabara ikaisha mteremko mita thelathini kabla ya geti, nikashuka nikasukuma, na suti.

Jumatatu fundi akatoa plagi, nyeusi tii, imelowa. Akafuata nyaya mpaka kwenye vile vidude, akaviangalia, akamwita jirani yake fundi redio. Yule akamenya gundi kwa koleo, akacheka mpaka akakaa kwenye tairi. "Hii rezista. Rezista tupu, nakuuzia mia tano na risiti." Ile sensa kumbe jinsi hewa ilivyo ya baridi ndo ukinzani wake unapanda, na kontroli boksi ikiona ukinzani mkubwa inajua kuna baridi, hewa nzito, inaongeza mafuta. Rezista kazi yake ni ukinzani tu, kwa hiyo boksi ikawa inaona baridi muda wote. "Kijana wangu," fundi akaniambia, "pikipiki yako imevaa sweta. Tena mbili. Iko Kigoma lakini inajua iko Makete kwenye baridi." Ndo maana Manyovu ilikuwa na furaha, kule angalau baridi ilikuwepo kweli.

Na zile pa pa pa? Gasketi ya ekzosi. Nilipofunga sailensa sikubadilisha gasketi, hewa ilikuwa inaingilia pale kwenye kiungo, petroli iliyobaki inaungulia nje. Elfu nane, na mfuniko mwingine wa eakilina wa kuokoteza, imetulia mpaka leo.

Nilimpigia shemeji. Akasema kwani ile offa bado ipo, anataka kumchukulia jirani yake.

Video ya harusi imetoka, dakika kumi na moja nzima ni mimi. Na juzi baba mdogo kapiga, kumbe kuna binti mwingine anaolewa Desemba. Nikamwambia baba safari hii pikipiki iko fiti. Akasema sawa mwanangu, ila ukumbi tumechukua wa Ujiji, tumeshaenda kuangalia barabara, ni tambarare tupu, kwa hiyo wewe utakuja na daladala.