Kodi ya mwaka mzima inamwondolea mwenye nyumba wajibu

Kila nikiwaeleza ndugu zangu wa Dar kwamba huku Marekani serikali humlipia mtu wa kipato kidogo sehemu ya kodi ya nyumba, jibu huwa lile lile: "Wenzetu wana hela." Hela wanazo. Ila mimi napangisha nyumba Columbus, Ohio, kwa familia yenye vocha, yaani inayolipiwa hivyo na serikali, na naona kinachomlinda mpangaji zaidi ni masharti yaliyofungwa kwenye hizo hela.

Mpango huo, Section 8, ulianza mwaka 1974. Mpangaji hulipa takriban asilimia 30 ya kipato chake, na kinachobaki mamlaka ya nyumba hunilipa mimi moja kwa moja, mwezi kwa mwezi. Kabla hajaingia, mkaguzi anakuja. Anafungua mabomba, anajaribu makomeo ya madirisha, anabonyeza king'ora cha moshi, anatikisa reli ya ngazi. Nyumba isipopita, sipati hata senti. Kodi niliyotaja nayo wanailinganisha na za nyumba nyingine za eneo hilo, na siruhusiwi kumwambia mpangaji aniongezee chochote pembeni.

Mpangaji namchagua mwenyewe, na akivunja mkataba sheria inaniruhusu kumfikisha mahakamani. Kinachobana ni matengenezo. Hitilafu ya kuhatarisha maisha, kama gesi kuvuja, niirekebishe ndani ya saa 24. Nyingine, siku 30. Nikipitisha muda, mamlaka inazuia fungu lake, wala siwezi kumdai mpangaji fungu hilo. Hapo fundi anapatikana siku hiyo hiyo!

Sasa njoo Dar: Tandika, Manzese, Buguruni. Dalali anachukua kodi ya mwezi mmoja, mwenye nyumba anataka ya miezi sita au mwaka. Mama ntilie anakopa kwenye kikoba, analipa yote. Masika yakianza paa linavuja, choo kimejaa, Luku ya pamoja imezua ugomvi, na akipiga simu anaambiwa "nitaleta fundi." Mwenye nyumba aharakishe kwa sababu gani, wakati hela ameshazitumia? Na mama akitaka kuhama, harudishiwi kitu. Hili ndilo linaloniuma. Tunamtaka mtu maskini alipe kwanza kila alichonacho, kisha aanze kubembeleza.

Sheria ya Kudhibiti Kodi ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 bado inamtaka anayepangisha sehemu ya nyumba atunze paa na kuta kuu. Lakini nani ataacha biashara yake akafungue shauri Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kwa ajili ya mabati mawili?

Najua wenye nyumba wengi wa uswahilini si matajiri. Ni wajane na wastaafu waliojenga kwa kuungaunga, na kodi ya mwaka ndiyo inayolipa ada ya shule. Nawaheshimu. Hata hivyo kodi ya miezi mitatu mitatu ni pesa ile ile kwa mwaka.

Huku nako si peponi. Vocha husubiriwa kwa miaka, na ni karibu familia moja tu kati ya nne zinazostahili inayopata msaada wa nyumba. Wapo pia wenye nyumba wanaowakataa watu wa vocha, na si kila jimbo linalokataza jambo hilo.

Dar haihitaji kusubiri vocha. Wengi tayari hupeleka mikataba serikali ya mtaa ikagongwe muhuri. Basi kabla ya muhuri, mtu wa ofisi hiyo aende akaone chumba: paa, choo, nyaya za umeme, mlango unaofungika.

Na sisi tuliojenga Goba na Kigamboni tukiwa huku hatuna kisingizio, maana kukaguliwa tunakujua. Mkataba wa nyumba yangu ya Goba unasema kodi ni ya miezi mitatu, na paa likivuja siku 30 bila mimi kulitengeneza, mpangaji alitengeneze, atunze risiti, akate gharama kwenye kodi inayofuata. Anayetaka kuutumia mkataba huo aniombe, nitamtumia.